Baiskeli sawa, ila ofisi msizipeleke mbali
Jana nimekaa kwenye kikao cha baraza la jiji mpaka mwisho na bado sijatulia jamani. Ajenda ya kwanza ilikuwa baiskeli, madiwani wanataka tupunguze magari, njia za baiskeli zitengwe, sehemu za kuegesha ziongezwe, mi nikafurahi kweli maana huu mwaka wa 3 naenda kazini na baiskeli na najua inavyokuwa lori likikupita karibu mpaka usukani unatikisika. Halafu ajenda iliyofuata ikawa kuhamisha ofisi za umma zitoke katikati zipelekwe pembezoni mwa mji, sababu eti huko kuna kiwanja kikubwa na paking ya kutosha. Paking! Watu walewale, nusu saa haijaisha.

Yaani mtu anayefuata cheti cha kuzaliwa cha mtoto leo anapiga pedali dakika 10 kafika, kesho aende kilomita 15 kwenye barabara kuu na mtoto kambeba nyuma, nani ataweza? Utrecht kule Uholanzi waliweka maegesho ya baiskeli 12,500 pale pale stesheni kuu ya treni, watu wanapopita kila siku.

Nikanyoosha mkono nikasema kama lazima zihame basi njia ijengwe kwanza, yenye ukingo wa kuitenga na magari, sio kuchora rangi tu barabarani. Mzee mmoja nyuma yangu akapiga makofi. Kura wameahirisha mpaka kikao kijacho, nitakuwepo tena.