Siku moja maishani mwangu: mihogo ya chupani, Tanga

Saa 12:30 asubuhi. Daladala ya kutoka Pongwe imejaa, nasimama hadi mjini. Kucha fupi, hereni nimeziacha nyumbani. Nazalisha miche ya mihogo maabarani, ndani ya chupa.

Saa 2. Naandaa chakula cha miche: chumvichumvi kwa fomula ya wanasayansi Murashige na Skoog ya mwaka 1962, sukari, na agari ya kugandisha. Narekebisha pH, yaani kipimo cha uchachu, isome 5.8, namimina chupani, kisha otoklevu, chungu cha mvuke wa presha cha kuua vijidudu: nyuzi 121, dakika 15. Sukari hiyo ukungu nao unaipenda, tena unawahi kula kuliko mche.

Saa 4 hadi saa 7 niko kwenye kabati la hewa safi, barakoa usoni. Nachoma koleo motoni, nasubiri lipoe. Nautoa mche, naulaza kwenye kisahani, nakata pingili moja moja, kila moja na jicho lake. Haizidi ukucha wa kidole kidogo. Naichomeka kwenye agari, jicho juu. Baada ya wiki kadhaa imekuwa mche, nao unakatwa vilevile. Kupiga soga humo ni marufuku, na kwa mtu wa Tanga hiyo ni adhabu.

Saa 7. Mihogo ya nazi kwa mama ntilie. Ndiyo, mihogo tena.

Saa 8:30 amekuja mkulima kutoka Muheza na muhogo kwenye kiroba.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Majani yalistawi vizuri tu. Hebu tazama ndani."

Anaukata. Mabaka ya kahawia, makavu kama kizibo. Michirizi ya kahawia hiyo, ugonjwa ulioelezwa mara ya kwanza mwaka 1936 pale Amani, mkoani kwetu hapa hapa. Huenezwa na inzi weupe, na sisi wenyewe tunapogawiana vipando. Muhogo mzima huwa na wanga kama robo ya uzito wake. Huu hata ng'ombe atausita. Watu wanakimbilia kununua mashine za kutoa wanga kwenye muhogo. Mimi ningeanza na mbegu safi.

"Hiyo ya chupa haiugui?"

"Inaugua, babu, ikipelekewa ugonjwa. Hapa inatoka safi tu, maana tulianza na ncha ya chipukizi isiyofika milimita 1, tukapima virusi. Ipande mbali na shamba la zamani."

Saa 10, banda la kivuli. Naosha agari mizizini, napanda kwenye udongo uliochemshwa, nafunika na nailoni. Nitaifunua kidogo kidogo; majani ya chupani hayajui kushika maji, jua la Tanga litayakausha mara moja.

Saa 11 nafunga. Babu nimemwandika kwenye orodha ya mbegu ya Kiroba, aina mojawapo ya muhogo, kwa ajili ya masika, nyuma ya watu wa Pangani.