Boriti za Nara

Baba yangu ni fundi wa nyumba Lamu. Tangu utotoni ananiambia chumba cha nyumba ya kale hakipangwi na mwenyewe, hupangwa na boriti. Mkoko ukiishia hapo, na ukuta usimame hapo. Ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba.

Huu ni mwaka wangu wa nne Osaka, Japani. Juzi nilipanda treni hadi Nara kulitazama hekalu la Todaiji, na maneno ya baba yakanijia palepale mlangoni.

Mfalme Shomu aliagiza sanamu ya Buddha mwaka 743, nchi ikiwa imetoka kuuguza ndui iliyoua watu wengi. Mwaka 752 mtawa Bodhisena, mtu wa India, aliichora macho. Ni shaba, karibu mita 15, nayo imekaa tu. Jumba lililoifunika lilichomwa vitani mara mbili, 1180 na 1567. Baada ya moto wa pili Buddha alikaa bila jumba la kudumu zaidi ya miaka mia moja, hadi mtawa Kokei alipoanza kuzunguka nchi akichangisha, 1684. Alifariki 1705. Jumba likakamilika 1709, hakuliona. Hilo liliniuma.

Jumba la kwanza lilikuwa na upana wa karibu mita 86. La leo ni 57. Fedha zilikuwa haba, na miti minene ilikuwa imekwisha misituni. Kwa hiyo mafundi walichukua gogo la kati, wakalizungushia vipande vya mbao, wakavikaza kwa misumari na pete za chuma hadi ikapatikana nguzo. Mihimili miwili mikubwa ya kubeba paa ndiyo haikuungwa. Ilitakiwa miti mizima, ya zaidi ya mita 23, ikatafutwa hadi Kirishima, kusini mwa kisiwa cha Kyushu, ikaletwa kwa bahari kama boriti zetu zilivyopelekwa Arabuni kwa majahazi.

Wageni wengi walikuwa wanamtazama Buddha. Mimi nilisimama kwenye nguzo, nikaona mishono ya mbao chini ya zile pete. Ni kazi ya watu waliokataa kusema haiwezekani kwa kuwa mti hakuna.

Nikamtumia baba picha. Jibu lake likanikuta nimeshafika uani: "Sogea karibu, mwanangu. Nionyeshe vipande vinapokutana."

Nikarudi ndani.