Jinsi Nilivyozifanya Ngoma Saba Zisikike Kama Moja

Katika mashindano ya Drum Corps International, yaani ya vikosi vya vijana vinavyopiga ngoma na tarumbeta huku vikitembea uwanjani, hapa Marekani, jaji wa ngoma hurekodi maoni yake kwa sauti huku kikosi kikiendelea kupiga, na walimu huisikiliza rekodi hiyo baada ya onyesho. Msimu niliojitolea kuwa fundi wa vifaa katika kikosi kimoja kidogo cha Open Class, daraja lililo chini ya lile la vikosi vikubwa, si mbali na Indianapolis ninakoishi, rekodi zetu zilikuwa na lalamiko moja lisilokwisha: katika safu ya snea, yaani zile ngoma ndogo zenye nyuzi kwa chini, mpigaji wa sita kutoka kushoto anachelewa na anachafua sauti ya wenzake. Kila rekodi ilipofika, kijana huyo aliongezewa mazoezi ya peke yake na mashine ya kuhesabu mapigo, naye aliyafanya bila kulalamika, lakini jaji aliyefuata alikuja na maneno yaleyale.

Alama za onyesho zima ni 100. Arobaini ni za mvuto wa jumla, 30 za mwonekano na 30 za muziki, na ndani ya hizo za muziki, ngoma zina 10 tu. Asidhani mtu kwamba 10 ni haba, kwani vikosi vinavyofuatana mara nyingi hupishana kwa visehemu vya alama moja. Jaji hupima mambo mawili: ugumu na ubora wa yale yaliyotungwa, na jinsi vijana wanavyoyatimiza.

Mzee mmoja aliyepiga ngoma enzi zake, na ambaye walimu wetu walimheshimu mno, alishauri tupunguze mapigo katika sehemu ngumu ili makosa yapungue. Ushauri huo ungefaa kabla ya mwaka 1984, wakati majaji walipokata sehemu ya kumi ya alama kwa kila kosa walilolinasa, maana mwenye kupiga machache alikosea machache. Mfumo huo uliachwa, na siku hizi jaji hujenga alama kutokana na kile ulichokifanikisha, kwa hiyo anayepunguza mapigo anajinyima mwenyewe zile alama za utunzi. Nilimweleza mzee kwa adabu zote, naye akaendelea kuusambaza ushauri wake kwa wazazi.

Mimi niliomba jambo dogo: vijana wabadilishane ngoma bila kubadilishana nafasi. Mwalimu wa ngoma aliniuliza, nusu kwa utani, kama ndivyo ifanyikavyo Tanzania, kwa kuwa alijua kwamba muziki wangu wote niliupata katika kwaya ya tarumbeta ya kanisani Moshi, ambako nilikuwa mpigaji wa wastani, tena wastani wa chini. Nikamjibu kwamba Moshi tulikuwa na ngoma moja tu, kwa hiyo hatukuwa na wa kubadilishana naye. Hatimaye alikubali, labda ili ninyamaze.

Tulikwenda mimi na yeye tukasimama mbali uwanjani, tukawapa vijana mgongo. Wao walipanga kwa siri nani achukue ngoma ya nani, kisha wakapiga mmoja baada ya mwingine mapigo yaleyale manane, mikwiro ikiinuliwa kimo kimoja. Niliwaomba wasiseme neno, wala wasicheke, jambo ambalo kwa vijana wa umri ule lilikuwa gumu kuliko kupiga kwenyewe. Wa kwanza, sawa. Wa pili na wa tatu, sawa. Alipopiga wa nne, mwalimu aliinua kidole na kusema, kwa uhakika wa mtu aliyemsikia mwizi wake, "Huyo hapo! Umeisikia ile mikwaruzo ya mwisho?" Akageuka. Wa nne alikuwa kiongozi wa safu, yule wa katikati ambaye wenzake wote humsikiliza ili waende pamoja, na ambaye hakuna jaji aliyewahi kumtaja kwa ubaya. Shingoni mwake ilining'inia ngoma ya kijana wa sita. Nilifurahi kupita kiasi, wala sioni haya kusema hivyo. Tuliwapanga upya, tukarudia, na kosa likaifuata ngoma popote ilipokwenda.

Inafaa ieleweke kwa nini kasoro ya ngoma moja husikika hivyo. Ngozi ya juu ya snea za mashindano hufumwa kwa Kevlar, ile inayotumika katika fulana za kuzuia risasi, na huwambwa kwa nguvu ambayo ngozi ya mbuzi ingepasuka kabla ya kuifikia. Sauti yake ni kavu na fupi, haina mwangwi wa kuficha lolote. Nyuzi za chini zikilegea, kila pigo huvuta mkia, na mkia huo masikioni mwa jaji ni mkono uliochelewa.

Nilipoifungua ngoma ile niligundua kwamba ilikazwa kwa drili ya umeme, kwa ushauri wa muuzaji mmoja aliyesema kwamba inaokoa muda. Skrubu zake 12 zilikuwa na sauti 12. Kubadilisha ngozi sikuelezi, kila mtu anajua. Niliilaza ngoma juu ya taulo iliyokunjwa ili ngozi ya pili inyamaze, nikagonga taratibu karibu na kila skrubu na kukaza robo mzunguko kwa robo mzunguko, nikivuka upande wa pili kila mara badala ya kuzunguka ukingo. Ngozi ya chini niliipandisha kuliko ya juu. Nyuzi nilizipima mmoja mmoja kwa ncha ya penseli, na mbili zilikuwa zimelala kabisa. Ngoma nyingine sita nilizitengeneza zifanane na hiyo, ingawa nilishauriwa nisiguse kisichoharibika. Nyuzi na ngozi za chini zilitugharimu dola mia tano na kitu, na mikwiro niliipanga jozi jozi kwa uzito kwenye mizani ya jikoni ya mke wangu, ambayo mpaka leo anaidai.

Tatizo la joto lilikuja baadaye. Mjomba wangu wa Tanga, mpiga ngoma hodari, aliniambia kwenye simu, "Mjomba, ngoma bila moto haisemi. Zianikeni juani kabla ya kuingia." Kwa ngozi ya mnyama amesema kweli, kwani joto huikausha na kuipandisha sauti. Ngozi ya chini ya snea, hata hivyo, ni plastiki, nayo ikipata joto hulegea na sauti hushuka, na lami ya maegesho ya Indiana mwezi Julai ni jiko tosha. Vijana walikuwa wakizipanga ngoma hapo hapo kwenye lami wakisubiri zamu. Nilizihamishia kivulini nyuma ya trela, nikazifunika shuka nyeupe, na nikawa nazikagua mara ya mwisho karibu na lango. Mjomba nilimwambia kwamba tumefuata ushauri wake.

Katika rekodi za mwisho za msimu kijana wa sita hakutajwa tena, na alama za ngoma zilipanda kiasi cha mwalimu kurudisha mapigo ambayo tayari alikuwa ameyapunguza kwa ajili ya yule mzee. Jaji mmoja alihamia kwenye ngoma za besi, ambazo kila moja ina ukubwa na sauti yake, akisema kwamba ya tatu na ya nne zinakaribiana mno kwa sauti hivi kwamba mstari wa mapigo unaopita toka ndogo hadi kubwa unapotea katikati. Nimekwisha kuagiza sponji za kubandika ndani ya ngoma hizo.