Nilivyofunga keria na madigadi kwenye baiskeli isiyo na friwili (gurudumu la nyuma likizunguka, pedali nazo zinazunguka)

Fremu ni ya mbio za uwanjani, haina hata tundu moja la kufungia keria, so nikachukua klempu za chuma zenye mpira nikazibana kwenye zile paipu mbili zinazoshuka toka kwenye siti, ndani nikazungushia kipande cha tyubu isikwangue rangi, halafu bolti za milimita 5, imeshika kinoma. Kasheshe ilikuwa madigadi ya nyuma, maana gurudumu unalivuta nyuma kukaza cheni na kulitoa linatokea hukohuko, linagonga madigadi. Nikaacha upenyo wa kidole hivi kati ya tairi na madigadi, vyuma vinavyoishikilia nikavifunga na klipu za kuchomoa. Ya mbele icheki isiguse kiatu ukikata kona, hii baiskeli pedali hazisimami ati.