Bibi na jiwe lake

Jana nimemrekodi bibi kwa simu, dakika 47. Nilimuuliza habari za Operesheni Vijiji, mwaka 1974, serikali ya Tanzania ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya Ujamaa, yeye akaanza na jiwe la kusagia. Siku ya kuhamishwa lori lilijaa, jiwe likabaki uani. "Nyumba sikuililia, mume wangu (ndivyo anavyoniita), nililia jiwe." Shuleni Ujamaa tulikariri tarehe tu, jiwe la bibi halikuwemo.

Babu nilikuwa nikimwahirisha, "likizo ijayo, likizo ijayo", akaondoka na vita vyake vya Kagera, vile vya kupigana na Idi Amin, bila kuniachia hata sauti yake. Inaniuma mpaka leo.

Kwenye rekodi jogoo anawika weee, na bibi anamtukana. Sikati kitu. Nimeshawatumia binamu wote.