Gofu pwani Januari, mpango umeiva!
Jamani mwakani Januari mimi na wifi yenu tunashuka pwani kucheza gofu, nimengoja hii kitu sana! Treni ya SGR mpaka Mombasa, kisha tunaanzia Vipingo, ule uwanja wa Baobab wa mashimo 18, unapiga mpira huku bahari unaiona kule chini, hapo ndipo Esther Henseleit wa Ujerumani alibeba mashindano ya gofu ya wanawake, Magical Kenya Ladies Open 2019. Halafu tuvuke feri Likoni twende Diani. Wifi alitaka Mei juu hoteli ziko bei poa, nikakataa, masika nyasi zinaloa mpira hausongi kabisa. Januari ni kaskazi, joto lake si mchezo, so tunaanza alfajiri, saa tano tuko majini. Wenye mmeenda, ule mfuko mrefu wa fimbo kwa treni mnauwekaga wapi?