Honda Fit yangu na plagi zake nane

Miezi minane sasa na hii Honda Fit ya zamani, kizazi cha kwanza kilichoanza kutoka 2001, na bado wananitania: "Hilo gari au kiatu?" Wacha wacheke. Jumamosi nimebeba rafu ya vitabu nzima humo ndani, na buti likafungika.

Siri iko kwenye tangi la mafuta. Magari mengi huliweka chini ya siti ya nyuma. Hapa wamelisogeza chini ya siti za mbele. Kwa hiyo siti za nyuma zinalala chapa, sakafu inanyooka. Au unainua kikalio chake kama kiti cha sinema, na mche wa limau wenye urefu wa mtoto wa darasa la kwanza unasimama wima nyuma ya dereva. (Majani yalinipapasa shingo njia nzima.)

Injini yangu ni ya lita 1.3, silinda nne lakini plagi (zile za kutoa cheche ya kuwasha mafuta) nane, mbili kwa kila silinda. Ukinunua iliyotumika, uliza kama zimebadilishwa zote. Fundi mvivu hubadilisha nne za mbele tu, maana za nyuma zimejificha na kuzifikia kunachubua vidole. Hilo nimelijua baada ya wiki mbili za injini kutetemeka kila nikisimama kwenye mataa.

Mlima mkali na mmejaa watano? Zima AC, usione haya. Kuegesha je? Wenye magari makubwa wakiwa bado wanazunguka, mimi nishashuka.